Kimea cha Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliungua mkono hata kabla ya kuonyeshwa mahali pa kutundika koti. Meneja wa Klabu ya Tulia, pale Daraja Mbili mjini Kisii, alinikuta mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, akaniangalia viatu, akasema, "Wewe ndio Zakaria? Kuja." Nikamfuata uani. Kulikuwa na bati pana lililokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, limelazwa juu ya mawe, moto unawaka chini yake, na juu yake unga wa mahindi uliochachuka unatoa moshi. Kwa pupa zangu nikaushika ukingo wa bati ili nilisogeze. Ngozi ya kiganja ilibaki pale.

Meneja hakushtuka. Alikuwa koplo mstaafu kutoka Ukambani, aliyewahi kuwapikia askari tangu enzi za mkoloni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. "Bati imekusalimia," akasema. "Sasa shika mwiko. Pombe hangoji mtu apone."

Nasikia siku hizi vijana wanafungua vilabu vidogo mitaani, pombe inapikwa kwenye mapipa yanayong'aa nyuma ya kioo, na wateja wanapiga picha. Mmoja wao alinijia juzi kuniuliza kama zamani tulikuwa na kitu kama hicho. Tulikuwa nacho, kijana. Kilikuwa na mabenchi ya mbao, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na hakikuwa na kioo. Mteja aliyetaka kuona busaa yake ikipikwa alitembea hatua kumi hadi uani na kuvumilia moshi kama sisi. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na miguu isiyojua kukaa mahali pamoja.

Kazi yenyewe nitaieleza upesi, maana najua hamna subira, na mimi pia sina. Unga wa mahindi unakandwa na maji kidogo, unafunikwa kwa majani ya mgomba, unaachwa siku kadhaa mpaka unuke uchachu. Kisha unakaangwa juu ya lile bati, unapigwapigwa kwa mwiko mrefu mpaka uwe punje za kahawia. Huo tuliuita mkarango. Mkarango ukipoa unatiwa kwenye pipa la maji pamoja na kimea, yaani wimbi, ile nafaka ya ulezi, lililoloweshwa, likachipuka gizani ndani ya gunia, likaanikwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachoifanya pombe iwe pombe. Bila kimea una uji uliooza. Baada ya siku mbili unachuja, machicha unawapa majirani wenye kuku, na kuku wa Daraja Mbili walikuwa wakitembea upande upande mpaka jioni.

Mimi sikufundishwa haya na Meneja. Nilikuja nikiyajua, na hapo ndipo shida yangu yote ilipoanzia.

Mama yangu, Kerubo, alikuwa mpishi wa pombe kule kwetu Kiogoro, wa kusifiwa. Wazee wakitaka pombe ya mahari au ya matanga walimwendea yeye. Nilikua nikimshikia gunia la wimbi, nikipuliza moto, nikichota maji. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba alikunywa pombe ya mama kwenye sherehe ya jirani, akaamua kurudi nyumbani kwa njia ya mto uliokuwa umefurika. Walimpata siku ya tatu. Mama alivunja vyungu vyake vyote uani, kimoja kimoja, bila kulia, na mwaka uliofuata akabatizwa akawa mtu wa Sabato. Sisi watoto tukamfuata. Kanisani alipanda mpaka akawa shemasi, mwanamke wa kuwaosha wageni miguu siku za meza ya Bwana.

Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kazi pekee niliyoipata mjini ni ya kupika busaa, nilitegemea kofi. Aliwatazama wadogo zangu wanne waliokuwa wakila viazi. Kisha akanishika kidevu kama mtoto. "Pika," akasema. "Lakini isiingie mdomoni. Niapie kwa kaburi la baba yako." Nikaapa.

Basi fikiria mpishi asiyeonja. Nilitumia pua, masikio na vidole. Pombe inayochemka vizuri inanong'ona ukiweka sikio kwenye pipa, na ile inayoharibika inanyamaza. Mkarango ulioiva unateleza kwenye kiganja, usioiva unashikana. Lakini ulimi nilikuwa sina. Meneja aliponiona nikizungukazunguka mapipa, mara nainama, mara nanusa, mara narudi kwenye bati, alikuwa akicheka. "Zakaria, haraka haraka haina baraka. Hii klabu inaitwa Tulia, na wewe unarukaruka ndani yake kama panzi!" Alisema kweli. Sikuwahi kutulia mle ndani hata siku moja. Mtu anayeonja anajua, anakwenda kuketi. Mimi nilikuwa nakisia, na mtu anayekisia hana kiti.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwetu Gusii chungu cha pombe hakianzwi na mgeni. Aliyekipika ndiye anayevuta mrija wa kwanza, wazee wakimtazama, ndipo wengine wafuate. Si adabu tu. Ni kusema kwamba kama kuna kitu humu, basi kianze na mimi. Pale klabuni vijana walikunywa kwa mikebe bila kuuliza, lakini kwenye kona kulikuwa na chungu cha wazee kilichotiwa maji ya moto, na mirija mirefu imesimama ndani yake. Wazee wale hawakuiacha desturi yao kwa sababu tu wamo mjini.

Aliyeniokoa ni Nyaboke, mama muuzaji, mjane kutoka Manga mwenye kicheko kikubwa na mkono mzito. Kila siku kabla ya chungu kuanza, yeye alivuta mrija kwa niaba yangu. "Huyu mpishi wenu ni mlokole," aliwaambia wazee. "Mimi ndio mdomo wake." Walicheka, wakakubali. Nilimuuliza mara nyingi, "Dada, iko aje?" Naye alijibu daima, "Iko sawa." Nyaboke hakupenda busaa. Alikuwa anaimeza kama dawa, kazi iendelee.

Na Sabato je? Meneja alinipa ratiba siku ya kwanza: loweka wimbi Jumatatu, litie kwenye gunia Jumanne, litoe Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi mimi sishiki kazi. Akakuna kichwa. "Jumamosi yako ni yako. Lakini pipa ikiharibika ni wewe." Nikiliacha gunia mpaka Jumapili, lingepata joto na kuota ukungu. Kumwomba Nyaboke alitoe kungekuwa kumfanyisha mwenzangu dhambi yangu. Kwa hiyo nilikuwa nalitoa Ijumaa alasiri kabla jua halijazama, naanika, nanawa, naenda zangu Kiogoro nikiona nimempendeza Mungu na mwajiri kwa pamoja. Nilifanya hivyo miaka minne. Bwana Afya alikuja kutukagua kila baada ya majuma machache, mtu wa kaptura na soksi ndefu, akipima maji na kufunua mapipa, na siku zote aliandika kwamba tuko safi.

Mama alikuwa akiuza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Alipita mbele ya klabu yetu kila siku ya soko, upande wa pili wa barabara, leso puani. Kama nilikuwa mlangoni aliinua mkono kunisalimia bila kugeuza uso. Sikumlaumu. Niliuona ule mkono nikarudi ndani.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasimama na kutembea.

Mzee Mairura, fundi cherehani, alikunywa kwetu Jumanne kama kawaida yake. Usiku tumbo likamshika, na asubuhi akabebwa hospitalini akitapika. Kufikia saa nne soko zima lilikuwa likisema pombe ya Tulia ina sumu. Kufikia saa sita lilikuwa likitaja jina: yule mpishi wa Kiogoro, yule asiyekunywa anachopika. Mbona hanywi? Watu walikuwa wamekula na kunywa kwangu miaka minne wakicheka jambo hilo, na kwa asubuhi moja likageuka ushahidi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nyaboke hakuwapo. Alikuwa Manga, anamzika baba yake.

Saa saba waliingia wazee watatu wakiongozwa na Mzee Ombati, aliyekuwa mkubwa wa chungu cha kona. Nyuma yao watu walijaa mlangoni na barabarani. Mzee Ombati alikuwa mtu wa heri, aliwahi kuniletea dawa ya kiganja changu. Alizungumza kwa Ekegusii, taratibu, na ninayaweka maneno yake kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia.

"Mwanangu Zakaria, hatukuja kwa vita. Weka chungu hapa katikati. Anza wewe."

Meneja akaruka mbele. "Mimi nitakunywa! Mimi ndio mkubwa ya hii nyumba!"

"Wewe hukupika," Mzee Ombati akamjibu kwa Kiswahili, bila hasira. "Tunataka yeye."

Nikaweka chungu. Nikamimina maji ya moto kwa pupa, mengine yakanimwagikia miguuni. Nilijua vizuri kilicho mbele yangu. Nikikataa, mimi ni mpishi wa sumu, na jina hilo haliishii mjini. Lingefika Kiogoro kabla yangu. Nani angeoa dada zangu? Nani angebeba jeneza la mama siku yake ikifika? Nilikuwa nimewahi kuona nyumba za watu walioitwa hivyo, na moto haukuwa umeziachia paa. Nikikubali, ninavunja kiapo cha kaburi la baba, kwa kinywaji kile kile kilichomuua. Niliogopa, nasema wazi. Na katikati ya woga huo kulikuwa na hasira, hasira juu ya mama kwa kuniapisha.

Niliinama. Mrija ulinigusa mdomo. Nakumbuka ulikuwa mkavu na una joto.

Mkono ukanishika bega ukanivuta nyuma. "Toka hapo," sauti ikasema.

Alikuwa mama, na ndizi zake bado kichwani. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni, akavuka barabara. Katika miaka yote ile hakuwa amekanyaga kizingiti chetu. Aliteremsha kikapu, akakiweka juu ya meza ya mikebe, akatazama wazee mmoja mmoja.

"Mama Zakaria," Mzee Ombati akasema, "wewe ni mtu wa kanisa. Jambo hili si lako."

"Mikono iliyopika nimeifundisha mimi," mama akajibu. "Umesahau nani alipika pombe ya mahari ya mke wako? Ulianza wewe siku ile, au nilianza mimi?"

Mzee Ombati akainamisha macho. "Ulianza wewe."

"Basi."

Aliketi kwenye benchi la wazee, akaufuta mrija kwa ncha ya leso yake, akavuta. Nilidhani ataonja. Hakuonja, alikunywa. Koo lake lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka, na nikasikia mkarango ukipasuka kwenye bati kule uani ambako nilikuwa nimeuacha unaungua. Alikunywa mpaka kila mtu aliyekuwa na macho akaridhika, na bado akaendelea kidogo. Kisha akampa Mzee Ombati mrija. "Sasa ninyi."

Mzee Ombati akanywa. Wenzake wakanywa. Watu wakaanza kuongea kwa sauti, mtu akacheka, Meneja akaketi chini kabisa, sakafuni.

Mama alikuja nilipokuwa nimesimama karibu na ukuta. Nilikuwa nalia na sikuwa nimejua. Alikuwa akisogeza ulimi ndani ya mdomo polepole, macho ameyafinya, sura ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto wa kumshikia gunia. Akaninong'oneza.

"Kimea unakitoa Ijumaa."

Nikafuta uso kwa mkono wa shati.

"Kinataka siku moja zaidi. Hii inakwaruza koo."

"Ni Sabato, Mama."

Nilidhani atanigombeza, au atacheka. "Loweka Jumapili," akasema. Akachukua kikapu chake, akatoka, na safari hii watu walimpisha.

Loweka Jumapili! Miaka minne nilikuwa nimekata mwisho wa ratiba ya Meneja, na haikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kusogeza mwanzo. Miaka minne nilikuwa nikiwauzia watu kimea kichanga kwa ajili ya utakatifu wangu, na hakuna aliyesema, kwa sababu walidhani Tulia ndivyo ilivyo. Ulimi mmoja uliokuwa umefungwa miaka kumi na mitatu ulijua kwa pumzi moja.

Mzee Mairura alirudi kwenye cherehani yake juma lililofuata. Akakiri kwamba siku ile alikuwa amekula nyama ya harusi iliyolala. Hakuna aliyeniomba radhi, na Mzee Ombati alirudi kwenye kona yake kama vile hakujatokea kitu. Ndivyo watu walivyo, na mimi niliwachemshia maji ya chungu chao kama kawaida.

Kanisani haikuwa hivyo. Kufikia Sabato habari ilikuwa imetangulia. Mama aliitwa mbele ya baraza la kanisa letu dogo la kijijini, na mimi nilikaa nje chini ya dirisha. Hakukana. Alisema alikunywa, mbele ya watu, na alikunywa sana. Mzee wa kanisa, mtu mpole, akamwambia njia ni rahisi: aseme kwamba anajuta, atabatizwa tena, jina lake litarudi kwenye daftari.

"Ningeweza kusema," nilimsikia akijibu. "Lakini ningekuwa nadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Sijuti."

Walimsihi. Walimpa mwezi, kisha miezi. Mimi mwenyewe nilimsihi, nikamwambia ni neno moja tu. Nilimkuta akipukuchua maharagwe, nikamwambia pia kwamba naacha kazi, kesho, nirudi kulima. Hakuinua kichwa. "Ukiacha leo watasema ilikuwa sumu kweli," akasema. "Keti unisaidie maharagwe." Nikaketi, ila miguu yangu ilikuwa ikicheza chini ya kiti, na aliiona, akaicheka.

Ushemasi ulikwenda, na jina lake halikurudi kwenye daftari. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kila Sabato, na meza ya Bwana ilipofika alitoka nje akasubiri chini ya jua mpaka imalizike.

Mimi nilipanda. Pombe ya kimea cha siku kamili ilibadilika, hata mimi nilijua kwa pua, na watu wakaanza kuja kutoka mitaa mingine. Meneja aliponunua nyumba ya pili kule Nyamira, upande wa kwenda Sironga, alinipeleka huko na cheo cha Mpishi Mkuu. "Wewe sasa ni sajini," akaniambia. Watu walishuka kutoka Manga kwa miguu kuja kuinywa. Walinisifu, na kila waliponisifu niliingia uani kutafuta kazi ya kufanya. Nilizoea kuwajibu kwamba nimefundishwa na mama, nao walidhani ni unyenyekevu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini serikali ilifunga vilabu vya busaa. Bwana Afya yule yule, soksi ndefu zile zile, alikuja na askari wawili na karatasi. Alinipa mkono kwanza. Kisha wakamwaga mapipa sita kwenye mfereji, na mimi nikasimama nikisikiliza, kwa mazoea, kama pombe inanong'ona. Nilipata kazi kwenye kituo cha kupokea majani ya chai, kupima na kuandika, nikakaa huko mpaka nilipostaafu. Ilikuwa kazi nzuri. Majani ya chai hayana haja ya mtu kuyawekea sikio.

Mama alifariki wakati nikiwa huko. Jina lake halikuwa limerudi. Kanisa lilimzika kwa heshima, nyimbo zikaimbwa, lakini mhubiri alimwita jirani yetu mpendwa, si dada yetu katika imani, na nilijua kila mtu aliisikia tofauti hiyo.

Kijana aliyenijia juzi aliniuliza busaa ya Tulia ilikuwa na ladha gani. Sijui. Nimeipika miaka mingi na haijawahi kupita hapa mdomoni. Nilitimiza kiapo changu, au nilitimiziwa, na jambo hili halijanipa usingizi mwema kama mnavyodhani mdomo safi huleta. Kanisa limenifanya mzee wa kanisa. Kila Sabato wananiwekea kiti mbele, chenye mto.

Sijawahi kukikalia. Nakwenda benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na meza ya Bwana ikifika ninatoka nje kidogo, nasimama juani. Vijana husema ni kwa sababu ya miguu yangu, kwamba mzee Zakaria hawezi kukaa kwa muda mrefu, nami nawaachia waseme hivyo.